Tuzo ya Gogo ya Ardith Malloy

Tuzo ile niliianzisha mimi. Nalisema hili mapema ili mbele huko usije ukanionea huruma bure.

Sisi pale San Francisco tuna ugonjwa wetu. Kila Januari, kwa siku kumi, jumba la sinema la Meridian linaonyesha filamu nyeusi tu, zile za zamani zisizo na rangi, ambazo mvua hainyeshi ila usiku, kila mwanamume ana kofia, na kila mwanamke ana bastola kwenye pochi. Mwishoni shujaa anakufa, au anabaki hai akitamani angekufa. Tunakuja tumevaa suti za babu zetu zinazonuka naftalini. Majina yakianza kupita mwanzoni tunapiga makofi, na siyo kwa nyota peke yao. Tunampigia mpiga picha, tunampigia fundi taa. Ukimpigia fundi taa makofi kabla ya wenzako, wiki nzima watu wanakununulia kahawa.

Naitwa Emmett Zaragoza. Mchana natoa fotokopi kwenye duka moja Mtaa wa Balboa. Chuo kikuu nilisomea filamu miaka minne, nikabakiza insha moja. Insha yenyewe ipo. Ina kichwa cha habari na sentensi mbili.

Sasa, miaka saba iliyopita walituonyesha filamu iliyokuwa imepotea muda mrefu, *Mvua ya Jumatano*, ya mwaka 1951. Dakika ya hamsini na moja shujaa anatoka kwenye klabu ya muziki kwenda kukutana na watu watakaomuua. Pale mlangoni kuna msichana wa kutunza kofia. Anamnyooshea kofia yake na kusema, "Kofia yako, bwana." Jamaa hageuki. Anatoka kichwa wazi, anauawa. Basi.

Lakini namna alivyosema! Sauti haikupanda, haikushuka. Uso umetulia kama ukuta. Kama mtu anasoma jina la kituo cha basi. Mimi nikaangua kicheko, na mimi nikicheka huwa najulikana. Ukumbi mzima ukanifuata.

Kesho yake nikaenda kwenye bustani, nikaokota gogo la mkaratusi lenye urefu wa mkono, nikalipulizia rangi ya dhahabu. Nikalibandika kibati: TUZO YA ARDITH MALLOY. Ndivyo jina lake lilivyoandikwa kwenye orodha, la mwisho kabisa, chini ya mtu wa mbwa, yule aliyemfunza mbwa wa kwenye filamu. Tukawa kila mwaka, Jumapili ya mwisho, tunampigia kura mwigizaji aliyesimama kama gogo kuliko wote katika filamu za siku zile kumi. Watu wakapenda kuliko filamu zenyewe. Maneno yale yakawa salamu. Ukiingia Meridian mtu anavua kofia anakwambia, kwa sauti ya maiti, "Kofia yako, bwana," na wewe unajibu hivyohivyo. *Mvua ya Jumatano* ikawa inaonyeshwa kila mwaka ili watu wapate kuyasema maneno yale pamoja naye, watu mia sita, halafu wacheke.

Na hapa ndipo tulipokosea, kosa ambalo nadhani ni sisi tu duniani tungelifanya. Kwenye klabu yetu ya wapenda filamu hizi kuna mzee Orville Tench, dereva mstaafu wa tramu. Yeye atakuambia ngazi zinazoonekana dakika ya kumi na mbili ziko mtaa gani na zina vipandio vingapi. Kuna katibu wetu, Nadine Hruska, anayejua yule mbwa alikuwa anaitwaje kwao. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza kama Ardith Malloy yuko hai. Kwetu sisi mtu akishaonekana kwenye filamu nyeusi ni marehemu. Unamsoma, unambishania, humpigii simu.

Barua ilifika Desemba. Nadine alituita mimi na mzee Orville kwenye mkahawa ulio mkabala na Meridian, akaiweka mezani. Mwandiko wa kalamu, herufi zimelala upande, zinatetemeka kidogo.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma kwa sauti. *Ndugu Katibu, mimi ni Ardith Malloy, sasa Bi. Mlakar, naishi Fresno. Nina miaka tisini na mbili. Mpwa wangu Colleen ameniona kwenye intaneti. Kumbe kwa miaka saba mnatoa tuzo kwa jina langu na mimi sijui. Nililia kidogo, mnisamehe. Marehemu mume wangu hakuwahi kuniona kwenye ile filamu, ilionyeshwa Fresno wiki moja tu na yeye alikuwa vitani Korea. Naomba, kama si usumbufu, nije mwaka huu nimkabidhi mshindi kwa mkono wangu.*

Nikacheka. "Nani kaandika hii? Nadine, ni wewe? Safi sana, umenipata."

Hakuna aliyecheka. Nadine akasema, "Nimempigia simu, Emmett. Ana sauti ileile."

Kile kicheko kikanigandia usoni, nikawa sijui pa kukipeleka.

"Aambiwe ukweli," akasema mzee Orville. Yeye tangu mwanzo hakuupenda ule mzaha. Kwake kucheka ndani ya ukumbi ni sawa na kutema mate kanisani. "Aambiwe leo, kwa adabu, abaki kwake."

"Mzee, ana miaka tisini na mbili," Nadine akasema. "Unampigia bibi wa watu unamwambia nini? Kwamba jina lake ni tusi?"

"Mwulize huyu. Huyu si ndiye bingwa?" Mzee Orville akanigeukia. "Chuo hukumaliza, lakini watu unawamaliza."

Nikasema, "Basi tubadilishe. Tufanye iwe tuzo kweli. Tuzo ya wale wa sentensi moja. Wale wa jina la mwisho. Nani atajua?"

"Watu mia sita watajua," mzee Orville akasema.

"Nitawaambia mmoja mmoja."

Nilidhani nimekuwa muungwana. Nikafuta video zote nilizoweka mtandaoni, nyingine nilizipachika vicheko juu yake. Nikaandika kwenye kundi letu: *Anakuja. Mzaha umekufa. Atakayecheka atanikuta.* Nadine akaandika maneno mapya ya kumsifu mshindi, na mshindi tukambadilisha. Badala ya kaka mmoja mwenye masharubu tuliyekuwa tumemtengea gogo la mwaka huu, tukamchukua marehemu mmoja aliyeigiza mhudumu wa lifti na kusema neno moja tu, "Juu?" Hata mimi nilimwonea wivu, kwa maana yeye alikuwa amekufa kwa raha zake.

Lakini gogo sikulibadilisha. Sijui kwa nini. Nilikuwa na wiki tatu nzima.

Jumapili saa saba mchana gari lao likasimama mbele ya Meridian. Akashuka mama wa makamo, mpana, ndiye Colleen. Halafu akashuka yeye. Mdogo! Kwenye skrini ana futi ishirini. Hapa alinifika kifuani, kavaa koti la rangi ya kahawia na hereni za lulu, nywele zimetengenezwa asubuhi ile, unaona kabisa zimetengenezwa kwa ajili yetu.

Tukaingia ukumbi wa mbele. Nilikuwa nimewaonya watu, lakini salamu ni salamu, inakutoka kabla hujafikiri. Jamaa mmoja wa suti ya mistari akamwona mwenzake pale kwenye bisi, akavua kofia: "Kofia yako, bwana." Mwenzake akajibu, sauti ya maiti ileile.

Bibi akasimama. Nikasema moyoni, yameisha.

"Colleen," akasema. "Wanasema maneno yangu."

"Nimesikia, shangazi."

"Wanasalimiana nayo!" Akanigeukia, macho yamejaa. "Nani alianzisha hii?"

Mtu mwerevu angesema hajui. Mimi nikasema, "Mimi, bibi."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mikono ilikuwa mikavu, ya moto. "Mungu akuweke, mwanangu," akasema. Nyuma yake mzee Orville alikuwa ananitazama. Alitikisa kichwa tu polepole.

Kuanzia hapo hakuniachia mkono. Tukaketi safu ya sita, yeye katikati, Colleen kushoto kwake, mimi kulia. Ilibaki nusu saa. Akaanza kunihadithia, na mimi nilitaka kuondoka nikazunguke kwa watu wa juu ghorofani ambao hawapo kwenye kundi letu. Nilijua hawajaonywa. Lakini mkono wangu ulikuwa wake sasa.

"Sentensi yenyewe ilikuwa ndefu," akasema. "Nilikuwa nayo wiki tatu. Naisema jikoni, naisema bafuni, dada yangu alitaka kunipiga na sufuria. 'Bwana, nje kunanyesha, hujachukua kofia yako, utaloa.' Asubuhi ile mwongozaji akaikata. Maneno matatu. Nikalia chooni. Akaja kunigongea mlango, mtu mkubwa vile! Akaniambia, 'Binti, wewe unajua huyu anakwenda kufa. Lakini ukionyesha kwamba unajua, watakuua na wewe. Kwa hiyo usitikisike. Hata kope.' Tukapiga mara kumi na tisa. Kila nikitikisika anasema tena."

"Mara kumi na tisa," nikasema.

"Ya kumi na tisa sikutikisika." Akatabasamu. "Baada ya hapo hawakuniita tena. Nikarudi Fresno, nikapika chakula cha shule miaka thelathini na moja. Lakini ile siku sikutikisika. Na nyie mkaona."

Nikaangalia viatu vyangu, vya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, navyopenda kujidai navyo. Vilionekana vya mchekeshaji wa sarakasi.

"Na hiyo tuzo ikoje?" akauliza. "Colleen kaniambia ni kama kipande cha mti."

"Ni mkaratusi," nikasema. "Wa bustani yetu. Ni... desturi ya hapa mjini."

"Aa," akasema. Colleen akanitazama juu ya kichwa cha shangazi yake. Akanitazama muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

Ikatangazwa kwamba zimebaki dakika kumi filamu ianze. Nikajitoa nikisema naenda kumletea maji. Nikapanda ghorofani nikikimbia, nikawa naingia safu kwa safu kama muuza karanga. "Yupo hapa. Ardith yupo. Ni mzima. Usiseme, usicheke. Mwambie na wa pembeni yako." Wengine wakadhani ni sehemu ya mzaha, nikawaapia kwa jina la mama yangu. Dada mmoja akaniuliza, "Kwani si wewe ndiye huwa unaanza?" Nikamwambia, "Ndiyo, ni mimi, sasa nyamaza." Taa zikaanza kuzimwa nikiwa bado na safu tatu. Nikashuka na jasho, na maji nimeyasahau.

"Umekimbia," bibi akaninong'oneza, akanishika tena mkono. Kofia yangu nikaiweka magotini.

Majina yakapita. Tukapiga makofi kwa nyota, kwa mpiga picha, kwa fundi taa. Halafu chini kabisa, chini ya mtu wa mbwa: *Ardith Malloy.* Yale makofi sijawahi kuyasikia Meridian. Watu walipiga miguu sakafuni. Bibi alikuwa ameziba mdomo.

Filamu ikaenda. Mimi sikuiona. Nilikuwa nahesabu dakika kwa saa ya mkononi. Arobaini. Arobaini na tano. Nikawa nasikiliza ukumbi kama daktari anavyosikiliza kifua. Hamsini. Shujaa akainuka kwenye meza yake. Muziki ukanyamaza. Nikasikia nguo zikisuguana huku na huku, watu mia sita wakivua kofia kama kila mwaka, lakini kimya. Kimya cha kweli. Ndugu zangu walikuwa wamenisikiliza. Hata wale wa safu tatu.

Akatokea. Miaka kumi na tisa, kola nyeupe, kofia mkononi.

Na mimi, niliyepanda ngazi na kuapa kwa mama yangu, nikacheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilitoka puani, kama mtu aliyepaliwa. Sikucheka kwa sababu inachekesha. Ni miaka saba, mwili ulishajizoesha, ikifika dakika ya hamsini na moja unacheka wenyewe. Nikajiziba uso kwa kofia, nikawahi kuziba nusu tu. Kofia ikaniponyoka ikaanguka gizani. Na katika ukumbi ule wenye kimya kama cha kaburi, kila mtu alisikia. Wote wanakijua kicheko changu.

Kwenye skrini msichana akasema maneno yake. Sikuyasikia. Nilichosikia ni mkono wake ukitoka kwenye mkono wangu. Hakuunyakua. Aliuondoa kidole kwa kidole, akauweka magotini kwake, juu ya ule mwingine.

Dakika thelathini na nne zilizobaki hakunitazama hata mara moja. Alitazama mbele, na hakutikisika.

Taa zikawashwa. Nadine akapanda jukwaani, uso mwekundu, akamkaribisha. Bibi akapanda kwa kushikwa na Colleen. Mezani palikuwa na gogo, chini ya taa kali, na kila mtu aliona lilivyo, gogo lililopuliziwa rangi. Bibi akalitazama. Akasoma kibati. Akalitazama tena, kisha akatazama ukumbi, safu kwa safu. Nikajua kwamba sasa anahesabu: gogo, salamu, sauti ya maiti, kicheko.

Nikasubiri aseme. Naapa nilitaka aseme. Nilitaka aniite jukwaani anitandike na lile gogo mbele ya mia sita, na mimi ningeshukuru.

Akachukua karatasi kwa Nadine, akavaa miwani. Akasoma yale maneno yetu ya uongo, yote, mpaka mwisho: kwamba tuzo hii ni ya wale wenye sentensi moja, waliosimama mlangoni ili hadithi ipite. Akasoma polepole na vizuri. Akataja jina la mhudumu wa lifti. Akasema, "Yeye hayupo, kwa hiyo nampokelea mimi." Akaliinua lile gogo kwa mikono miwili. Watu wakasimama wote. Mzee Orville alikuwa analia bila kujificha. Makofi yakawa kama mvua juu ya bati.

Mimi sikupiga. Mikono nilikuwa nayo, lakini niliona haya kuitumia.

Nikawakuta nje, Colleen anafungua gari. Jua la saa kumi lilikuwa linaingia kutoka upande wa bahari, na watu walikuwa wanapita mbali, kwa adabu, kama kwenye msiba. Bibi alikuwa ameketi tayari, mlango wazi, gogo magotini.

"Bibi," nikasema. "Naomba nikueleze."

"Shangazi kachoka," Colleen akasema.

"Mwache," bibi akasema. Akagonga lile gogo kwa ukucha. "Niambie hili ni la nini. Ukiniambia tena habari ya desturi nafunga mlango."

Nikamwambia. Nikasema, "Kwa sababu nilisema umesimama kama gogo. Nikawafundisha watu wacheke. Tuzo tunampa aliyeigiza vibaya kuliko wote. Tulidhani umekufa."

"Mlidhani nimekufa," akasema. "Kwani ingekuwa afadhali?"

"Hapana, bibi."

"Hapana," akakubali. "Mimi nilidhani mliona. Miaka sabini na tatu nangoja mtu aone, halafu nikaambiwa mmeona." Hakuwa analia. Ningefurahi kama angelia, ningepata cha kufanya. "Hata hivyo mlikuwa mnatazama. Hilo sijui nilifanyeje. Nitafikiri nikifika nyumbani."

"Naomba unisamehe."

"Nimesema nitafikiri."

Nikanyoosha mikono. "Nipe hilo gogo, bibi, nikalitupe."

"Hapana. Nina jiko la kuni." Akaligeuza, akalikagua kama mtu sokoni. "Mkaratusi unawaka vizuri. Hii rangi itatoa moshi mbaya, lakini nitafungua dirisha."

Colleen akafunga mlango wa shangazi yake, akazunguka, akawasha gari. Bibi akainama miguuni kwake, akatafuta kitu, akakiinua. Ilikuwa kofia yangu. Alikuwa ameiokota kule gizani, akaja nayo mpaka huku nje. Ilikuwa imepanguswa vumbi.

Akaninyooshea kupitia dirisha, mkono umenyooka, uso umetulia. Ulikuwa uso uleule. Miaka yote ile ilikuwa imepita juu yake, na uso ulikuwa uleule, hata kope. Nikauona. Nikaona anavyojua na anavyoficha kwamba anajua. Nikasimama pale na kichwa wazi, nikangoja ayaseme yale maneno. Safari hii nisingekosa hata herufi moja.

Hakuyasema. Aliniwekea kofia mkononi, akapandisha kioo.